Aliteleza au Aliangushwa? Maswali Yenu Kuhusu Vifo Vinavyoitwa Ajali

Barua za mara hii karibu zote zinahusu jambo moja: kifo kimeandikwa "ajali", na kuna mtu ambaye moyo wake umekataa. Nyingi zimetoka kwa wanawake. Baadhi wana leseni ya upelelezi wa kujitegemea, wengine wanataka kumwajiri mpelelezi. Sheria za leseni, za kurekodi mazungumzo na za nani apewe ripoti ya maiti hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo mwulize wakili wa kwenu kabla ya kutumia lolote humu.

SWALI: Ni mwaka wangu wa pili katika upelelezi wa kujitegemea, na hadi sasa nimeshughulika zaidi na wizi wa kazini na madai ya bima. Mteja wangu mpya alifiwa na dada yake, aliyekutwa chini ya ngazi za nyumbani kwake. Polisi wameandika ajali. Zimepita siku 9, ngazi zimeoshwa, mume amerudi kukaa humo. Naanzia wapi?

JIBU: Anza na vinavyopotea, dada, si na mume. Mume utamkuta hata wiki ijayo, ila picha za kamera ya jirani huenda usizikute. Mashine nyingi za CCTV huandika juu ya picha za zamani, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 30, kutegemea ukubwa wa diski na wingi wa kamera. Leo hii, kabla hujamhoji mtu, pita mtaani ukitazama juu: kamera za mageti, za milango, za duka la mkabala. Omba faili yenyewe iliyomo ndani ya mashine, usikubali video iliyopigwa kwa simu mbele ya skrini. Linganisha saa ya mashine na saa ya simu yako na uandike tofauti. Mashine iliyotangulia kwa dakika 11 inatosha kumweka asiye na hatia mlangoni kwa marehemu.

Kinachofuata kwa haraka ya kupotea ni mwili. Kama haujazikwa, wakili wa familia aulize mara moja kama uchunguzi wa pili wa maiti unawezekana. Dawa za kuhifadhia maiti huvuruga vipimo vya pombe na sumu, na maiti ikichomwa hakuna cha kurudia. Kama mazishi yameshapita, maabara inaweza kuwa bado na damu, mkojo na maji ya ndani ya jicho vilivyochukuliwa siku ya kwanza, lakini haviwekwi milele. Barua ya wakili ya ukurasa 1, inayoomba sampuli zisitupwe na inayotaja namba ya jalada, ina faida kuliko wiki nzima ya kumfuatilia mume kwa gari.

Ripoti ya daktari isome mara 2. Mara ya kwanza tenganisha sababu ya kifo na namna ya kifo, maana watu huvichanganya kila siku. Sababu ni kilichouua mwili, kwa mfano damu kuvuja ndani ya fuvu. Namna ni uamuzi: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au haikuweza kujulikana. Sababu daktari huiona mezani. Namna huitoa kwa kuunganisha alichokiona na maelezo aliyopewa. Basi maelezo hayo yalitoka kwa nani, saa ngapi, na ni nani aliyeyahakiki? Mara nyingi utakuta ni mtu mmoja, na hakuna aliyeyahakiki.

Mara ya pili soma majeraha ukiwa na mchoro wa mwili pembeni. Mtu akianguka, kichwa kilicho mwendoni hukutana na sakafu iliyotulia, na ubongo mara nyingi huumia zaidi upande wa pili: ameangukia kisogo, michubuko mikubwa ya ubongo iko mbele. Akipigwa kichwa kikiwa kimetulia, ubongo huumia zaidi palepale chini ya pigo. Hili ni la kumwuliza daktari kwa maandishi, si la kuliamua mwenyewe. Kuna pia kanuni ya "ukingo wa kofia", isemayo kwamba jeraha lililo juu ya mstari wa kofia lina harufu ya kipigo, na la chini yake lina harufu ya kuanguka. Kanuni hiyo inamhusu mtu aliyesimama kwenye sakafu tambarare. Kwenye ngazi mtu huviringika na kugonga kingo popote, kwa hiyo usiilete. Wakili wa upande wa pili atakuaibisha nayo.

Cha kutafuta ni majeraha ya sehemu ambazo ngazi hazifiki kwa urahisi: ndani ya mikono ya juu, shingoni, nyuma ya masikio, na ule upande wa kidole kidogo wa mkono, ambao mtu huuinua kujikinga. Damu iliyovilia chini ya ngozi nayo ina la kusema, ingawa si mengi. Rangi ya manjano kwa kawaida haionekani kabla ya kama masaa 18. Madoa ya manjano kwa mtu anayedaiwa kuanguka na kufa jioni ileile ni ya kabla ya jioni hiyo. Zaidi ya hapo, usikubali mtu akupe umri wa jeraha kwa kutazama rangi.

Sasa njoo kwenye ngazi. Zimeoshwa damu, hazikuoshwa vipimo. Ukiruhusiwa kuingia, pima kila kipandio: kimo chake kulia na kushoto, na kina chake kutoka ukingo hadi ukuta wa kipandio kinachofuata. Vyote, si vitatu vya mfano. Mguu hukariri mwendo wa ngazi baada ya hatua 2 au 3. Kipandio kimoja kikizidi au kupungua kwa sentimita 1 hivi kuliko jirani yake, mguu unakosea. Ukikipata kipandio hicho, na marehemu amelala mbele yake, umepata hoja nzito ya ajali na una wajibu wa kuiandika. Pima kimo cha kishikio, kitikise uone kama kimelegea. Rudi saa ileile ya tukio uone mwanga ulivyo, na uulize kama balbu imebadilishwa tangu siku ile. Viatu au ndara za marehemu zitafute kwenye orodha ya vitu vilivyokabidhiwa hospitali au mochwari, uzitazame nyayo. Picha piga za aina 3: ya mbali inayoonyesha chumba chote, ya kati inayoonyesha kitu na jirani zake, na ya karibu yenye rula, kamera ikiwa wima juu ya kitu hicho.

Usijaribu kunyunyizia zile dawa za kung'arisha damu gizani. Zinang'aa pia kwa baadhi ya dawa za kuondolea madoa, kutu na shaba, na nyumba hii imesafishwa.

Mwisho chora jedwali la safu 4: ajali, ugonjwa uliomwangusha, kusukumwa, kupigwa kwingine kisha kuwekwa pale. Kila unachokipata kiulize kinakaa safu gani. Kinachokaa zote 4 hakina thamani, hata kikiumiza moyo vipi. "Mume hakulia msibani" kinakaa zote 4.

SWALI: Mume anasema walizungumza saa moja jioni, akaenda dukani, akarudi saa tatu usiku akamkuta amekufa. Muuguzi wa gari la wagonjwa ameandika kwamba mwili ulikuwa umekakamaa wote. Si amedanganya?

JIBU: Huenda, lakini kwanza hakikisha saa. Shahidi husema "saa mbili" akimaanisha jioni, mwandishi wa maelezo anaandika 02:00, na mashine ya simu inatunza muda wa kimataifa ambao nao hauko sawa na saa ya ukutani. Tumeona majalada yenye mianya ya masaa 6 ambayo haikuwahi kuwepo. Tengeneza ratiba moja kwa mtindo wa masaa 24, na kila mstari uwe na chanzo chake: kauli ya mtu, risiti, kamera, au kumbukumbu ya simu.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye mwili. Kukakamaa huanza kuonekana kwenye taya na shingo kama masaa 2 hadi 4 baada ya kifo, na mwili wote hukaza kati ya masaa 6 na 12. Mwili uliokaza wote baada ya masaa 2 tu ni jambo la kushtua. Lakini joto kali, homa, au purukushani kubwa kabla ya kifo huharakisha, na "umekakamaa wote" ya mtu aliyeshika mkono mmoja si sawa na ya aliyejaribu taya, kiwiko na goti. Mwulize muuguzi alishika wapi.

Muhimu kuliko ukakamavu ni damu kutuama. Moyo ukisimama, damu huteremka upande wa chini wa mwili na kuacha rangi ya zambarau. Huanza kuonekana ndani ya nusu saa hadi masaa 2, na baada ya masaa 8 hadi 12 hivi haihami tena hata mwili ukigeuzwa. Sehemu iliyobanwa na sakafu hubaki nyeupe. Kama alikutwa kifudifudi na rangi iko mgongoni, alilala chali kwa muda mrefu kabla ya kugeuzwa. Kabla ya kufurahi, uliza kama wahudumu walimgeuza wakijaribu kumwokoa, na alilazwa vipi mochwari.

Kuhusu kupoa: kile kipimo cha nyuzi 1 hivi kwa kila saa ni cha chumba chenye ubaridi. Chumba chenye nyuzi 33 mwili haupoi kwa mwendo huo, na hesabu yako itasema alikufa karibuni zaidi kuliko ukweli.

SWALI: Binti yetu alikutwa amekufa maji kwenye beseni la bafuni. Alikuwa na afya njema. Mpelelezi tuliyemwajiri ametuomba vipimo vya beseni na mtungi wa gesi, tukaona anapoteza muda.

JIBU: Hapotezi muda, mwacheni afanye kazi. Kufa maji hakuna alama moja inayotosha. Daktari hufikia hapo baada ya kuondoa mengine. Vidole kukunjamana si dalili ya kuwa alizama akiwa hai, maana hata maiti iliyolala majini hukunjamana.

Mtungi anaulizia kwa sababu ya kaboni monoksidi. Hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu lisilo na tundu la hewa, au yenye bomba la moshi lililoziba, huzalisha hewa isiyo na harufu wala rangi; mtu hulegea, huteleza chini ya maji, na huonekana kama aliyezama bila sababu. Omba kipimo cha damu. Kaboni monoksidi ikiwa imeshika zaidi ya nusu ya hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, mara nyingi hiyo yenyewe inaua. Rangi ya waridi ya ngozi ni kidokezo tu, kwani ubaridi wa mochwari nao huleta waridi. Waulizeni wanaokaa humo kama waliwahi kuumwa kichwa bafuni na kupata nafuu wakitoka nje. Atazame pia umeme: kinachopita majini kinaweza kuua bila kuacha alama yoyote ya kuungua. Fundi apime hita na waya kabla mtu hajavigusa.

Na beseni lenyewe lipimwe urefu, kina na mahali maji yalipoishia. Kati ya 1912 na 1914, huko Uingereza, Bessie Mundy alikufa kwenye beseni mjini Herne Bay, Alice Burnham mjini Blackpool, na Margaret Lofty mjini London. Kila kifo, kikitazamwa peke yake, kilipita bila mtu kushtakiwa. Baba yake Alice alisoma gazetini habari za Margaret, akaona zinafanana mno na za binti yake, akapeleka habari polisi. Mume alikuwa yuleyule, George Joseph Smith, aliyemwoa Alice kwa jina lake halisi na wale wengine 2 kwa majina ya uongo, na nyuma ya vifo kulikuwa na wosia au bima iliyoandikwa muda mfupi kabla. Beseni la Bessie lilikuwa na urefu wa futi 5, naye alikuwa mrefu kuliko hilo. Daktari Bernard Spilsbury alieleza kwamba kifafa kingenyoosha miguu na kukisukuma kichwa juu, nje ya maji. Polisi walijaribu kwa mwanamke mzoefu wa kuogelea: alipovutwa miguu kwa ghafla alipoteza fahamu papo hapo. Smith alinyongwa Agosti 1915. Jaribio hilo msilirudie, hata kwa mzaha. La kuiga ni lile la baba: kutafuta kama kuna kifo kingine kinachofanana na hiki, na tarehe za hati za fedha.

SWALI: Alianguka kutoka roshani. Umbali wa mwili kutoka ukutani unasema kitu?

JIBU: Unasema, ila kwa sauti ndogo. Kutoka mita 12 mtu huchukua kama sekunde 1.6 kufika chini. Aliyeteleza akiwa na mwendo wa nusu mita kwa sekunde hutua chini ya mita 1 kutoka ukingoni; aliyeruka kwa nguvu akiwa amesimama, mita 2.5 kwa sekunde, hufika karibu mita 4. Aliyesukumwa huangukia popote kati ya hapo, na hapo ndipo hesabu inapoishia. Pima hadi alama ya kwanza ya kugonga, si pale mwili ulipotulia, na uangalie kama kuna waya, kipaa au tawi lililomkatiza njiani.

Kishikio cha roshani ndicho kinachosema zaidi. Kitovu cha uzito wa mtu mzima aliyesimama kiko karibu asilimia 55 ya urefu wake, yaani sentimita 88 kwa mtu wa sentimita 160. Kishikio cha sentimita 80 anaweza kukipita kwa kujikwaa. Cha sentimita 110 hakipitiki bila kupanda juu ya kitu, kuinama kupita kiasi, au kuinuliwa. Tafuta hicho kitu: kiti, ndoo, chungu cha maua. Halafu tafuta vumbi lililofutika juu ya kishikio na upana wa sehemu iliyofutika.

SWALI: Mteja amenipa simu ya marehemu. Naweza kukisia namba ya siri? Na naweza kupiga benki nikijifanya marehemu?

JIBU: Hapana, na hapana. Majaribio machache mabaya yanaweza kuifunga au kuifuta simu kabisa. Iweke kwenye hali ya ndege ili isifutwe kwa mbali, iache na chaji, iingize kwenye bahasha, andika tarehe, saa na nani kakukabidhi, kisha iende kwa mtaalamu kwa idhini ya msimamizi wa mirathi. Kumbukumbu za hatua na mapigo ya moyo kwenye simu na saa ya mkononi zinaweza kusema mwendo uliisha lini, lakini zikishachezewa hazina mtetezi. Kujifanya mtu mwingine ili upate kumbukumbu za benki au za simu ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Marekani, kwa mfano, ilitunga sheria ya shirikisho juu ya za benki mwaka 1999 na juu ya za simu mwaka 2006.

SWALI: Wateja wengine wakiniona mwanamke wananiuliza "bosi wako yuko wapi". Mnashauri nini?

JIBU: Waambie ndiye wewe, kisha uwape mkataba wa kusaini. Kate Warne alimshawishi Allan Pinkerton, mwenye kampuni ya upelelezi huko Marekani, amwajiri Chicago mwaka 1856 kwa hoja kwamba mwanamke ataambiwa mambo ambayo mwanamume hataambiwa, na mwaka 1861 alikuwa miongoni mwa waliomvusha Abraham Lincoln, rais mteule, Baltimore salama kulipohofiwa njama ya kumwua. Kwa vifo vya kutatanisha hasa, mkumbuke Frances Glessner Lee, aliyetengeneza vyumba vidogo vya matukio ya vifo kwa kipimo cha inchi 1 kwa futi 1, pazia na makopo vyote vikiwemo, ili wapelelezi wajifunze kutazama kabla ya kuhukumu.

Faida yako ni jikoni na uani: jirani wa kike, dada wa kazi, msusi wa marehemu. Waache waeleze mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa, kisha waombe waeleze kutoka mwisho kurudi nyuma. Usiende peke yako kwa anayeshukiwa, na mtu wako ajue umeingia saa ngapi na unatarajiwa kutoka saa ngapi.

SWALI: Nimemaliza, na ninaona ilikuwa ajali kweli. Mteja anataka niandike "mauaji". Alishanilipa nusu.

JIBU: Andika ulichokiona upande mmoja na ulichokikisia upande mwingine, visichanganyike hata kwa sentensi moja. "Kipandio cha 6 ni kifupi kwa milimita 14" ni cha kuonekana. "Huenda alikosea hatua hapo" ni kisio. Pia tofautisha "hakuna ushahidi wa kusukumwa" na "hakuna aliyetafuta ushahidi wa kusukumwa". Ndugu wa marehemu wana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo lililotokea. Ada yako isifungwe kwenye matokeo, kwa sababu mpelelezi atakayelipwa zaidi kifo kikiwa mauaji hana wa kumwamini mahakamani. Ukikuta dalili za jinai, zipeleke polisi kupitia wakili na usimkabili mtu.

Nusu iliyobaki idai kwa ankara ya masaa uliyofanya kazi. Picha asilia na daftari vibaki kwako kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa. Mteja apewe nakala.